Kurekodi televisheni kwa nyumba nzima

Swali: Nyumba yenye televisheni tatu Kakiika, Mbarara, inaweza kurekodi vipindi mahali pamoja na kuvitazama chumba chochote?

Jibu: Inawezekana, hata bila intaneti. Televisheni ya ardhini nchini Uganda hurushwa kwa mfumo wa DVB-T2. Antena moja ya paani na tyuna ya DVB-T2 huunganishwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4. Tvheadend, programu ya bure, hurekodi. Jellyfin, programu nyingine, husambaza rekodi vyumbani. Chaneli zinazotumia masafa mamoja hurekodiwa pamoja kwa tyuna moja. Chaneli za bure, kama UBC, ndizo zinazofaa. Za kulipia hufungwa kwa msimbo.

Chaneli ya megabiti 3 kwa sekunde hujaza gigabaiti 1.35 kwa saa, hivyo diski ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 700. Kwa kusambaza vyumbani, kuta za matofali hudhoofisha Wi-Fi, kwa hiyo waya ni bora.

Kinachosahaulika mno ni umeme. Ukikatika ghafla huweza kuharibu rekodi, pengine diski nzima. UPS, yaani betri ya akiba, inunuliwe kabla ya diski kubwa. Kwa kaya ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale inayotegemea sola, Raspberry Pi, ambayo kwa kawaida hutumia chini ya wati 10, inafaa kuliko kompyuta ya mezani.