Njaa ya Saa Tatu Usiku

Mume ameambiwa zahanati apunguze uzito. Mchana anajitahidi, usiku anarudia wali uliobaki sufuriani. Hapa Ozi, penye mpunga na maembe, kishawishi hakiko mbali.

Mama, usimcheke wala usimfiche chakula kama mtoto. Pangeni pamoja: chakula cha jioni kiwe na samaki, kunde na mboga, vinavyoshibisha kwa muda mrefu. Hamu ikija, anywe maji, apige mswaki, mzungumze; mara nyingi hupita.

Lakini akiwa anatumia dawa za kisukari, akatetemeka na kutoka jasho, hiyo si tamaa. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari mara moja, kisha mwende zahanati.

Mliahidiana uaminifu katika ugonjwa na afya. Basi usile mahamri mbele yake.