Nafasi kati ya Mtoto na Mdogo Wake

Mama anyonyeshaye akipata mimba upesi, mtoto aliye mgongoni huachishwa ziwa kabla ya wakati. Hapo ndipo huweza kuingia bwaki, ugonjwa ambao watu wa Kivu wanaujua sana: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi. Wazee waliliona jambo hilo; katika makabila mengi mume hakumkaribia mkewe mpaka mtoto atembee.

Swali: Je, wenye ndoa waweza kuweka nafasi kati ya watoto wao?

Jibu: Naam. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba wenye sababu za kweli waweza kufuata siku zisizo za uzazi. Dawa na vyombo vya kuzuia mimba, ambavyo zahanati hutoa, barua hiyo haikuvikubali.

Lakini njia ya siku si moja, wala haimfai kila mama.

Ziwa lenyewe ni njia, kwa masharti matatu pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, damu ya mwezi haijarudi, naye ananyonya tu, mchana na usiku. Wengi hukosea hapo. Bibi humpa mtoto uji katika mwezi wa 4, kwa upendo, na mama adhani angali salama. Sivyo: sharti moja likivunjika, njia imevunjika.

Mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, tangu damu ianze hata ianze tena, aweza kufuata ushanga wa punje 32. Siku ya kwanza ya damu, mpira huwekwa juu ya punje nyekundu, na kila asubuhi husogezwa punje moja. Punje nyeupe, siku ya 8 hadi ya 19, ni siku za uzazi. Mume na mke hujizuia. Katika wanawake 100 waufuatao bila kosa mwaka mzima, 5 hivi hupata mimba. Mzunguko ukitoka nje ya siku hizo mara mbili kwa mwaka, ushanga haumfai tena; afadhali ajifunze kutazama ute wa uzazi, kama walivyofundisha waganga John na Evelyn Billings wa Australia.

Aliyejifungua asiuanze ushanga mara damu irudipo. Angoje mizunguko 3, na wa mwisho uwe wa siku 26 hadi 32. Miezi hiyo ya katikati ndiyo migumu, maana ziwa halilindi tena na ushanga haujaanza. Mume ajue hayo kabla damu haijarudi, wakae wote wawili mbele ya muuguzi, naye mume ajifunze kuusogeza mpira kwa mkono wake.