NENO "TU" KATIKA MATANGAZO YA MAGAZETI

Katika Kidato cha Tatu tunafundishwa isimujamii, na ndani yake mna sajili, ambazo walimu wa zamani waliziita rejista. Sajili ya matangazo ya biashara ina sifa zake. Sentensi ni fupi, msomaji huamrishwa (nunua, harakisha, jaribu), chuku ni nyingi, na jina la bidhaa hurudiwarudiwa. Sifa hizi nilizikariri nikapata alama zangu. Leo nataka kuongeza moja ambayo sikuiona kitabuni, nayo ni kijineno "tu". Kijineno hiki kilituondolea cherehani nyumbani.

Mama yangu ni fundi wa nguo hapa Awasi. Hushona sare za shule katika baraza ya duka moja karibu na barabara ya kwenda Kericho. Cherehani aliyokuwa akitumia ilikuwa ya kukodi. Mwezi wa Septemba 2023, nikiwa Kidato cha Kwanza, alileta nyumbani gazeti la Kiswahili alilopewa na mteja. Akaniambia, "Nyathina, nisomee hapa penye picha ya cherehani." Mimi nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Sh 1,750 TU kwa mwezi!" Herufi zilikuwa kubwa kama kidole changu cha gumba. Chini yake palikuwa na mistari ya herufi ndogo kama sisimizi. Mama akauliza, "Na huko chini?" Nikamjibu, "Mama, hiyo ni anwani yao."

Haikuwa anwani. Sikufichi, msomaji, sikuwa hata nimeisoma.

Hebu tupige hesabu pamoja. Malipo ya kwanza yalikuwa Sh 3,000, kisha Sh 1,750 kwa miezi 12. Jumla ni Sh 24,000. Cherehani hiyo hiyo ukiilipia taslimu ilikuwa Sh 16,500. Bei zote mbili zilikuwamo katika ile mistari ya sisimizi. Hivyo tangazo halikusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama alilipa bila kukosa hadi Aprili 2024. Kisha ikaja ile mvua. Mafuriko yalifunika mashamba ya Kano, na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei. Shule zikifungwa, nani atashonesha sare? Mama akakosa malipo ya Mei, akakosa na ya Juni. Mwanzoni mwa Julai pikapu ikaja na vijana wawili wa duka lile. Kitambaa cha mteja kilikuwa bado chini ya sindano. Mama alikitoa polepole ili kisichanike, kisha akasimama kando wakaiinua. Alikuwa amekwisha kulipa Sh 15,250.

Baada ya hapo nilianza kuuliza ujanja huu ulitoka wapi, na kumbe ulizaliwa pamoja na cherehani yenyewe! Mmarekani Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake mwaka 1851. Bei yake ilipita dola 100, na familia ya kawaida haikuweza kutoa pesa hizo kwa mara moja. Mwaka 1856 mshirika wake aliyekuwa wakili, Edward Clark, akabuni njia. Mteja atoe dola 5, achukue mashine, kisha alipe dola 3 hadi 5 kila mwezi. Mwaka 1855 kampuni yao iliuza cherehani 883, na mwaka 1856 ikauza 2,564. Lakini mpaka umalize kulipa, mashine ilikuwa ya kampuni. Wewe umeikodi tu. (Umeliona tena hilo "tu"?)

Habari za bidhaa kama hizo ziliingia majumbani kwa njia ya magazeti. Mwezi wa Septemba 1833 Benjamin Day alianzisha The Sun mjini New York, akaliuza kwa senti 1 wakati magazeti mengine yaliuzwa kwa senti 6. Faida angeitoa wapi? Kwenye matangazo, bila shaka. Msomaji alidhani amenunua gazeti, kumbe gazeti nalo lilikuwa likimuuza yeye kwa wenye maduka. Kuna jambo lingine lililonichekesha. Gazeti la New York Herald la James Gordon Bennett lilikataza herufi kubwa katika matangazo, ili tajiri asimfunike mwenye duka dogo. Basi wafanyabiashara wakalikwepa katazo hilo kwa kurudia mstari mmoja mara nyingi mpaka ukajaza nafasi yote. Ndiyo ile takriri tunayofundishwa darasani! Baadaye makatazo ya namna hiyo yalilegea, maduka makubwa yakaanza kununua ukurasa mzima, na hapo ndipo herufi ndogo zilipopata kazi nyingine, kazi ya kuficha.

Bidhaa za Marekani zilifika pwani yetu mapema kuliko magazeti. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem walileta Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho watu walikiita amerikani. Jina la nchi likawa ndilo tangazo. Lakini ilikuwa sabuni iliyosafiri na maneno yake. Mtengenezaji sabuni wa Philadelphia aitwaye Frank Siddall alikuwa akiuliza wasomaji kwa nini mwanamke huzeeka kabla ya mwanamume, na jibu lake lilikuwa kwamba ni ile kazi ya kufua. Mwingereza William Lever, aliyeanza kuuza Sunlight mwaka 1884, akanunua haki ya maneno hayo akayatumia kuitangaza sabuni yake. Kampuni ya Lever baadaye ikawa sehemu ya Unilever, na hapa kwetu East Africa Industries ya Nairobi, iliyokuwa na uhusiano na Unilever, ikatangaza Omo, Blue Band na Kimbo. Nikiwaona kina mama wakifua mtoni Nyando hulikumbuka swali la Siddall. Alijua uchungu ulipo, akauwekea bei.

Nyanya yangu ana sanduku la bati ambalo ndani ya kifuniko chake amebandika ukurasa wa Baraza. Hilo lilikuwa gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na wenye East African Standard, nalo lilikoma zaidi ya miaka 40 iliyopita. Katika ukurasa ule kuna taa, kuna sabuni na kuna cherehani. Niliumulika kwa kurunzi nikitafuta "tu", sikuiona. Hata bei hakuna! Jambo lililonishangaza zaidi ni nafsi. Mwanamke amechorwa akitabasamu mbele ya cherehani, lakini anayeambiwa ni bwana, kwamba amnunulie mkewe. Nilimsomea nyanya, akacheka mpaka akakohoa. "Aliyekuwa na pesa ni babu yako," akasema. "Mimi nilikuwa na picha."

Siku hizi tangazo humwita mama mwenyewe kwa nafsi ya pili: wewe, mama, unastahili. Kwa upande mmoja nafurahi, kwa sababu mama yangu ana pesa zake na hamwombi mtu. Kwa upande mwingine naona kwamba aliyekuwa akipigiwa hesabu za uongo zamani ni babu, na sasa ni mama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanachama wa Kiswahili tunapaswa kulijadili. Tangazo lile lilizungumza Kiswahili kitamu. Mkataba ambao mama alitia sahihi ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne. Lugha ya kukuvuta ni yako, lugha ya kukubana si yako! Mimi niliusoma mkataba huo mwaka huu kwa kamusi, tukiwa tumekwisha kunyang'anywa. Ndipo nikajua pia kwamba Kenya ina sheria ya ununuzi wa namna hii, Sura ya 507, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Sheria hiyo inataka mkataba uonyeshe bei ya taslimu na pia bei ya jumla. Tena inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei ya jumla, mwenye mali hawezi kuja kuichukua hivi hivi kwa pikapu. Ni lazima aende kortini kwanza.

Theluthi mbili za Sh 24,000 ni Sh 16,000. Toa Sh 15,250. Mama alipungukiwa na Sh 750. Nyumbani tulikuwa na jogoo wa kienyeji ambaye angefikisha bei hiyo siku ya soko, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha.

Sijawahi kuona tangazo linalotaja theluthi mbili. Sidhani nitaliona.

Mama amerudia cherehani ya kukodi, na mwenye nayo huitaka kila Alhamisi. Hakunigombeza hata siku moja kuhusu ile anwani. Ila juzi alileta mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, akalinyoosha juu ya meza akaniita. Palikuwa na tangazo la jiko la gesi, na "TU" yake ilikuwa nyekundu. Nikafungua mdomo nisome, naye akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho kabisa. "Anzia hapa," akasema.

Chama chetu kinakusanya matangazo ya zamani kwa ajili ya ubao wa maktaba. Kama kwenu kuna sanduku, kabati au ukuta uliobandikwa Baraza au gazeti lingine la Kiswahili, usilibandue, litachanika. Nakili maneno yake kwenye daftari, pamoja na yale madogo ya chini, uyalete siku ya mkutano.