Majeraha ya Kubanwa Katika Ajali za Barabarani: Hatari kwa Afya na Haki ya Fidia

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Moshi na Arusha hupita chini ya Milima ya Upare, ikizikata wilaya za Same na Mwanga. Kwa mkazi wa Kileo, hiyo ndiyo njia ya sokoni na ya hospitali, naye huitumia pamoja na mabasi ya mikoani, malori ya mizigo na bodaboda. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, mabasi mawili, moja kubwa na jingine dogo, yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa.

Msiba wa ukubwa huo hutangazwa kila mahali. Somo hili linahusu jeraha lisilotangazwa sana, ambalo majeruhi mwenyewe huweza kulidharau: jeraha la kubanwa. Tunalieleza katika kijitabu cha watumiaji wa bima kwa sababu madhara yake makubwa huchelewa kuonekana, ilhali shinikizo la kumaliza dai huja mapema.

Jeraha la kubanwa ni nini?

Ni jeraha litokanalo na sehemu ya mwili kukandamizwa na kitu kizito kwa muda, kwa mfano mguu ulionasa chini ya dashibodi au paja lililolaliwa na ubavu wa lori. Ngozi inaweza isichanike, na mfupa usivunjike. Hata hivyo, msuli uliokosa damu huanza kufa.

Mwaka 1941, madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu jijini London. Baadhi yao walitolewa wakiwa wanazungumza, kisha wakafariki siku chache baadaye kwa figo kushindwa kufanya kazi. Sababu yake inafahamika. Msuli uliokufa humwaga potasiamu na mayoglobini. Mzigo unapoondolewa, damu hurudi na kuvisambaza vitu hivyo mwilini. Potasiamu nyingi inaweza kuusimamisha moyo, na mayoglobini huweza kuziba na kuharibu figo. Hatari hii huongezeka kadiri muda wa kubanwa unavyorefuka, hasa ukifikia saa kadhaa, ingawa hata muda mfupi zaidi umewahi kuleta madhara.

Hatari ya pili ni uvimbe ndani ya misuli. Utando unaouzunguka msuli hautanuki sana, hivyo uvimbe huibana mishipa ya damu na ya fahamu. Dalili yake ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana, yanayozidi vidole vinyooshwapo. Ganzi na ubaridi hufuata. Majeruhi huyu huhitaji kupasuliwa haraka ili kuachia shinikizo. Saa chache za kuchelewa zinaweza kugharimu mguu.

Mambo ya kufanya mahali pa ajali

1. Piga simu Polisi 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji 114. Hakikisha kwanza kwamba mahali ni salama, hasa kama mafuta yanavuja.
2. Zuia damu inayotoka kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi.
3. Ondoa kinachombana majeruhi mapema iwezekanavyo, ikiwa mnaweza kufanya hivyo bila kumwongezea madhara. Vinginevyo, wasubiri waokoaji.
4. Kumbuka saa aliyobanwa na saa aliyotolewa, na umweleze mhudumu wa afya. Taarifa hiyo ndiyo itakayomwongoza katika kumwekea maji ya mishipani na kupima damu.
5. Usichue sehemu iliyobanwa, usiikande kwa maji ya moto, wala usiifunge kwa kukaza.

Majeruhi apelekwe hospitali hata akisema amepona. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, ukipungua au ukikoma, arudi hospitali saa hiyohiyo. Hospitali ya wilaya itaamua kama apewe rufaa kwenda KCMC mjini Moshi, ambako huduma ya kusafisha damu hupatikana. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu ya polisi, kwani fomu inaweza kufuatiliwa wakati majeruhi anatibiwa.

Nani hulipa fidia?

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima inayowakinga watu wengine dhidi ya kifo au majeraha yatokanayo na chombo hicho. Ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda aliyegongwa, na abiria aliyelipa nauli wanaweza kunufaika nayo iwapo itathibitika kwamba dereva wa chombo kilichokatiwa bima alikuwa na kosa. Dereva mwenye kosa hawezi kuidai kwa majeraha yake mwenyewe. Aliyepewa lifti juu ya shehena naye asijihakikishie kinga hiyo, kwani si kila abiria huhesabiwa katika bima ya lazima.

Dereva au utingo aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya Sura ya 263. Amjulishe mwajiri wake mara moja. Majeruhi akifariki, wategemezi wake wanaweza kudai chini ya Sura ya 310.

Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili wa gari kupitia mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Piga picha ya namba ya gari kabla halijaondolewa.

Hatari ya kufunga dai mapema

Tuchukue mfano wa kubuni. Abiria wa bodaboda anabanwa paja chini ya lori karibu na Kileo, na anatolewa baada ya saa mbili. Jioni, mwenye lori anafika nyumbani kwake na shilingi 300,000 na karatasi isemayo, “Nimelipwa, sitadai tena.” Ndugu wanaona hakuna mfupa uliovunjika, wanamshauri atie sahihi. Siku ya tatu mkojo unakuwa mweusi. Anapelekwa Moshi kusafishwa damu, na shamba linakosa mtu wa kulilima msimu mzima.

Haki ya kudai huenda isipotee kabisa, lakini karatasi ile imempa mlipaji hoja ya kukataa. Ushauri wetu ni huu: msaada wa haraka unaweza kupokelewa, ila stakabadhi iandikwe kwamba ni kwa ajili ya matibabu ya awali tu na haki ya fidia inabaki. Hati ya kufunga madai isitiwe sahihi kabla daktari hajaandika hali ya figo, msuli na kiwango cha ulemavu.

Nyaraka za kutunza

- Fomu ya polisi namba 3 (PF3), taarifa ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari.
- Nakala ya hukumu, ikiwa dereva alishtakiwa. Faini anayotozwa huenda serikalini wala si fidia yako, ila hukumu ni ushahidi muhimu.
- Taarifa za daktari, zikitaja muda wa kubanwa na majibu ya vipimo vya figo.
- Stakabadhi zote za dawa, nauli na matibabu, pamoja na uthibitisho wa kipato kilichopotea.

Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi mapema. Nyaraka zikishakamilika, inapaswa kulipa ndani ya siku 45. Isipofanya hivyo, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa TIRA au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ambayo haitozi ada. Mahakama nayo ipo wazi, lakini chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara ya namna hii lifunguliwe ndani ya miaka 3. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi muda huo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize katika halmashauri yake kuhusu watoa msaada wa kisheria.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini majeruhi asiye na kidonda wala mfupa uliovunjika anaweza kuwa hatarini?
2. Ni taarifa gani ya muda ambayo daktari na kampuni ya bima wote wataihitaji?
3. Ukiletewa fedha siku ya ajali, utataka stakabadhi iandikweje?

Tunashauri maswali haya yajibiwe na familia nzima, kwa kuwa siku ya ajali mwenye kuamua huenda asiwe yule aliyeumia.