Kutegea Kazi ya Kikundi: Somo kwa Wanafunzi wa Vyuo, Ngara

Mwanafunzi wa chuo cha ufundi siku hizi hapimwi kwa kukumbuka tu yaliyo daftarini. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka wa 2013, vyuo vingi nchini vimehamia mafunzo ya umilisi, ambapo mwanafunzi huonyesha kwa vitendo kile anachokiweza, kisha hutangazwa kuwa amefikia umilisi au bado. Katika mitaala hiyo stadi za mawasiliano ni somo linalojitegemea, sawa na kufunga nyaya au kushona suti. Fundi hodari asiyeweza kumweleza mteja kwa nini taa hazitawaka leo ana pengo ambalo mtahini ataliona, na mwajiri ataliona mapema zaidi.

Wanafunzi wengi wanaopanga vyumba Ngara, kuanzia barabara ya Park Road hadi karibu na mzunguko wa Globe, hukutana na pengo hili kwanza katika kazi ya kikundi. Mwalimu huwapa watu sita kazi moja. Kikundi cha WhatsApp huundwa jioni hiyo hiyo, na wote hujibu "sawa". Wiki mbili baadaye wawili wanakesha wakiandika, wanne wamenyamaza, na jalada lina majina sita. Wawili wale hukasirika, nao wanne hufika siku ya kuwasilisha wakisoma kutoka kwenye karatasi wasiyoielewa. Swali moja tu la mwalimu huwaangusha wote.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka wa 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio ya kuvuta kamba. Watu wanane waliovuta pamoja walitoa takriban nusu tu ya nguvu ambayo wangetoa kama kila mmoja angevuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja, jambo linalorekebishwa kwa mpangilio. Mwaka wa 1979 watafiti wa Marekani waliwaomba watu wapige makofi na kelele wakiwa peke yao na wakiwa katika vikundi, wakaona kwamba sehemu nyingine ni kutegea: mtu hupunguza bidii pale mchango wake unapopotea katika mchango wa wengine. Jambo la kutia moyo ni kwamba mchango wa kila mtu unapoweza kutambulika, utegaji hupungua sana.

Wafanyabiashara wa soko la Ngara hawakungoja utafiti huo. Yeyote aliye na mama, shangazi au jirani katika chama anajua utaratibu wake: kuna katibu anayeandika, mweka hazina anayehesabu mbele ya wote, zamu inayojulikana, na faini ya kuchelewa. Hakuna anayeweza kusema alidhani ni mwenzake atakayetoa mchango, kwa kuwa jina lake liko kwenye mstari wake na kiasi chake kando. Kikundi cha chuo kinaweza kuazima mtindo huu bila gharama. Katika mkutano wa kwanza kazi igawanywe vipande, na kila kipande kiandikwe jina la mtu mmoja na tarehe. Kipande chenye majina mawili mara nyingi hakina mwenyewe. Katibu asome orodha hiyo kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kwa maana wengi hugundua hapo kwamba walielewa tofauti.

Mtu akitegea hata hivyo, ni afadhali mmoja wao amwendee faraghani kabla ya kumshtaki kwa mwalimu au kumsema kikundini. Huenda anauza duka jioni ili apate karo, au haelewi kazi na anaona aibu kusema. Aulizwe waziwazi: "Sehemu yako imefika wapi, na unahitaji nini uimalize Ijumaa?" Asipojibu baada ya hapo, kumwarifu mwalimu mapema si usaliti. Kungoja hadi siku ya kuwasilisha ndiko kunakowaumiza wote.

Uzito huongezeka wakati wa mafunzo ya kazini, yaani atachmenti. Ujumbe wa "Bosi, kuna shida kwa mashine" humlazimisha msimamizi kuuliza maswali manne kwa simu. Mwanafunzi aliyejizoeza angeandika hivi: "Mashine ya pili imezima saa nne. Nimeizima kwenye umeme. Mteja anakuja saa sita. Naomba fundi aiangalie kabla ya hapo." Yaliyotokea, lililofanywa na linaloombwa yote yamo. Akipewa maagizo naye ayarudie: "Kwa hiyo nikate vipande kumi vya mita tatu, sivyo?" Wengine huona haya kuuliza hivyo, ilhali kukata upya nyaya zilizoharibika ni hasara ya mtu mwingine.

Lugha nayo huchaguliwa kulingana na anayesikiliza. Sheng inawafaa marafiki wa darasani. Mama mwenye umri aliyekuja kutengenezewa simu anastahili Kiswahili kilichotulia na salamu kwanza, na ripoti huenda ikatakiwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, hivyo anayezimudu zote mbili hafungiwi mlango katika ofisi ya umma.

Mahali pa kujizoeza hapakosekani. Bustani ya Jeevanjee, ambako wakazi wamekuwa wakijadiliana hadharani kwa miaka mingi, iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Ngara. Mikutano ya kushirikisha umma kuhusu bajeti na miswada ya kaunti ni ya kila mkazi, wanafunzi wakiwemo. Anayesimama pale hupewa dakika chache tu. Hivyo aandike hoja moja, ataje barabara au soko analozungumzia, aseme anachotaka kifanyike, kisha aketi na kusikiliza jibu.