Muthurwa: Jinsi ya Kusoma Michoro ya Matatu

Fika Muthurwa kati ya saa nne na saa nane mchana. Asubuhi mapema na jioni watu ni wengi mno, hutapata nafasi ya kusimama utazame gari. Kutoka katikati ya jiji la Nairobi ni mwendo mfupi kwa miguu ukifuata Haile Selassie Avenue, unapita soko la Marikiti. Soko la Muthurwa lilijengwa miaka ya 2000 ili wachuuzi waondoke barabarani mjini, likapakana na nyumba kuukuu za wafanyakazi wa reli. Ukishatosheka na mitumba na sufuria, sogea kwenye steji ya magari ya Jogoo Road.

Mgeni akiona nganya, yaani matatu iliyopambwa kwelikweli, huuliza ni nani aliyechorwa. Mimi ningeanza na swali jingine: mchoro huu unafanya kazi gani? Swali hilo ndilo linalofungua sanaa ya Misri ya kale. Wamisri walichora mikate, bia na ng'ombe kwenye kuta za makaburi, kisha chumba cha maiti kikazibwa. Picha hizo zilikuwa chakula cha marehemu, asiishiwe huko aliko. Farao alichorwa mkubwa kuliko adui zake kwa sababu ukubwa ulionyesha cheo, na jina liliandikwa kando ya sura ili ijulikane ni ya nani. Miaka kadhaa baada ya kifo cha Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao, wafuasi wa mrithi wake walichonga kuta nyingi kulifuta jina lake.

Matatu ina kazi ya haraka zaidi. Dereva na kondakta wana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na kijana wa mtaa wa Umoja au Buruburu huamua kwa kufumba na kufumbua apande gari gani. Kwa hiyo anza kusoma kwa nyuma, maana huko ndiko anakotazama aliye barabarani. Sura kubwa huwekwa hapo: mwanamuziki, mchezaji mpira, Bob Marley, Mandela. Waliokufa hupewa heshima ya pekee, na mimi naona huo ni ukumbusho hasa, kwa kuwa mitaani hakuna sanamu zao. Kisha nenda mbele, usome jina juu ya kioo. Abiria huliita gari kwa jina hilo, wala si kwa namba ya usajili. Gari likiuzwa au likipitwa na wakati, hupakwa rangi upya na jina la zamani hupotea.

Tafuta pia mstari wa manjano ubavuni. Uliletwa na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika 2004, pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Kwa miaka kumi hivi kanuni hizo ziliwabana wachoraji, mpaka Rais Uhuru Kenyatta alipotetea michoro hiyo mwishoni mwa 2014 akisema ni ajira ya vijana. Nakubaliana naye kabisa. Nyuma ya kila nganya kuna mchoraji, fundi wa bodi, fundi wa taa na fundi wa muziki.

Ukitaka kupiga picha, msalimie kondakta kwanza umwombe. Wengi hufurahi gari lao likisifiwa, na wengine watataka kitu kidogo. Simu ikishamaliza kazi irudi mfukoni, na mkoba uuvae kifuani. Usisimame kwenye njia ya mikokoteni, haina breki.

Michoro ya ndani, darini na kwenye viti, huonekana tu ukipanda. Chagua gari la Buruburu, safari si ndefu. Uliza nauli kabla ya kukaa, kwani mvua ikinyesha hupanda, na uwe na noti ndogo au M-Pesa. Spika nzito kwa kawaida huwa nyuma, basi mwenye masikio mepesi akae karibu na dereva.