Somo: Kupamba Chombo Kikubwa cha Maua ya Pasaka



Kanisani kwetu maua huondolewa wakati wa Kwaresima, nanyi mwajua sababu yake. Kwa hiyo yale yanayorudi Jumamosi Kuu jioni hutazamwa kwa macho yaliyongoja siku 40. Haifai yawe yamelala ifikapo mahubiri ya Jumapili.

Vitabu vingi vya upambaji vimetoka Uingereza. Huko Pasaka huja miti ikianza kuchipua baada ya baridi, nao hupamba kwa dafodili na matawi machanga. Sisi tukaao miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Pasaka yetu ni ya masika. Tuna mayungi meupe, yale yenye umbo la faneli yaotayo penye majimaji, na tuna masale. Wako wanaolidharau isale kwa kuwa ni la mpaka wa shamba. Mimi sioni jani linalofaa zaidi: hudumu majini wiki nzima bila kunyauka, na kwa Wachagga ndilo jani la kuombea msamaha. Tena ni bure.

Mawaridi ya kununua yanatosha 10. Bonyeza kichwa kwa upole. Kikiwa kigumu, nunua, kikilegea, ua hilo limekwisha zeeka.

Nasema 10 kwa sababu mwaka mmoja tulichanga fedha tukanunua mengi mno. Mama mmoja mjane akaleta mayungi aliyoyachuma kando ya mfereji, ameyafunga kwa kamba ya mgomba, yana matope. Mimi mwenyewe niliyatia katika kopo nikayaweka nyuma ya mlango wa sakristia, nikiona ni maua ya kila siku. Mawaridi hatukuyanywesha usiku. Jumapili yaliinamisha vichwa kabla ya Injili kusomwa, na mayungi yamesimama wima nyuma ya mlango. Yule mama aliyaona alipokuwa akitoka. Hakusema neno. Tangu hapo maua ya bustani ndiyo yanayojenga umbo, ya kununua huongezwa tu, na kila fungu lililoletwa hupata mahali pa mbele, hata kama ni ua moja.

Sasa kazi yenyewe. Chuma Ijumaa jioni jua likiisha kupungua, au Jumamosi alfajiri. Kata kikonyo mshazari kwa kisu kikali; mkasi butu huziba njia ya maji. Ondoa majani yote yatakayozama, maana yakioza maji hunuka na maua hufa. Kisha yatie katika ndoo yenye maji mengi, mahali penye baridi na giza, saa nyingi kadiri iwezekanavyo, usiku kucha ikiwezekana. Mawaridi ya dukani yakatwe upya kiasi cha sentimeta 2. Mtu asiruke hatua hii! Utomvu wa mayungi huwasha ngozi, basi watoto wasiyatie mdomoni.

Chombo kiwe ndoo ya lita 10, iliyotiwa mawe chini isipinduke. Kunja wavu wa banda la kuku uwe kama mpira uliolegea, uutie ndani, uufunge kwa waya kwenye masikio ya ndoo. Sponji ya kijani inayouzwa madukani ni plastiki, haiozi, nami siipendi.

Anza na isale refu kuliko yote katikati, lipande juu ya ukingo kiasi cha mara moja na nusu ya kimo cha ndoo. Weka mawili mafupi pembeni, na mengine yainame mbele kufunika ukingo. Hapo umbo limekwisha kuonekana kabla hujatia ua hata moja. Ndipo mayungi yafuate, kwa vimo mbalimbali, yasisimame kama askari kwenye gwaride. Mawaridi yawe mwisho, karibu na kitovu. Acha nafasi kati ya maua. Usijaze kila tundu.

Kisha nenda ukaketi benchi la nyuma kabisa. Watu wengi huliacha jambo hili. Zambarau na buluu iliyokoza hupotea kanisani penye mwanga hafifu. Nyeupe na manjano huonekana. Ikiwa umenunua maua ya lili yenye chavua ya rangi ya kutu, ondoa chavua hiyo kabla haijakomaa. Ikidondoka kwenye kitambaa cha madhabahu usiifute kwa maji, ikung'ute ikiwa kavu.

Ongeza maji kila asubuhi, kwa maana ndoo iliyojaa maua hunywa upesi. Jumatatu toa mawaridi yaliyo mazima uwapelekee wagonjwa. Masale yenye kipande cha shina msiyatupe. Yachomekeni ardhini nyuma ya sakristia wakati mvua ingali inanyesha, nayo yataota.